Meli Iliyofika Masieda

Dafrosa na Nikodemu, ninyi mlioshika maktaba baada yangu, mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Mna haraka ya kunizeesha, lakini sawa. Vyeo na mishahara nitaviruka: vyeo vilichelewa kuja, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika yale ambayo hamtayasikia kwenye semina, kisha nitawasimulia habari ya meli, maana najua ndiyo mnayoingojea.

Siku yangu ya kwanza pale maktaba ya Mbulu ilikuwa ya ukungu, kama siku nyingi za Mbulu. Mkutubi, Mzee Hotay, alinipokea akiwa amevaa koti la sufu na kofia ya kufunika masikio, ndani ya nyumba. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa sufuria. Nilidhani ananituma chai. Kumbe sufuria ilikuwa ya gundi. Wakati ule gundi ya kubandikia vitabu tuliipika wenyewe kwa unga wa ngano kutoka Hanang, na aliyeipika vibaya aliwapikia panya. Nilipika ya kwanza ikawa na madonge. Mzee Hotay akaitazama, akasema, "Binti, hii tutakula."

Kwa wiki kadhaa sikuruhusiwa kumhudumia mtu yeyote. Nilipika gundi, nilikata kadi za katalogi, nilihamisha rafu ya historia kila paa lilipovuja, na lilivuja upande wa historia tu. Kazi yangu nyingine ilikuwa kumsikiliza Mzee Hotay anavyoongea na watu. Hakuwahi kumuuliza mtu anataka kitabu gani. Alimuuliza anataka kujua nini. Halafu alinyamaza. Mtu akisema anatafuta kitabu cha kilimo, Mzee Hotay anaangalia dirishani, na baada ya muda mtu anasema kwamba mahindi yake yana wadudu weupe. Baada ya muda mwingine anasema kwamba mke wake alimkataza kununua mbegu ile, naye akainunua. Sasa mnaweza kumsaidia. "Watu wetu wana aibu ya kuuliza," aliniambia. "Ukimharakisha anaondoka na kitabu, lakini swali lake anarudi nalo."

Swali gumu la kwanza nililoachiwa peke yangu lililetwa na mfugaji kutoka Hirbadaw. Alikuja na fimbo yake na mgolole, akasimama katikati ya chumba, hakutaka kiti. Alikuwa hasomi. Alitaka kujua umri wake. Mama yake alimwambia alizaliwa siku ambayo jua lilizimika mchana na kuku wakaingia bandani. Nilitafuta kwenye vitabu vya elimu ya anga mpaka macho yakauma, nikapata mwaka ambao kivuli cha mwezi kilipita huku kwetu. Nilimtajia kwa furaha kubwa. Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, uso ukamwanguka. Alikuwa mdogo kuliko alivyodhani. Kijijini kwake kulikuwa na wanaume ambao walikuwa wakimwamkia shikamoo, na yeye akiitikia marahaba bila wasiwasi, kumbe wao ndio wakubwa. Aliniambia, "Mama, hii habari itabaki hapa ndani ya nyumba ya vitabu." Imebaki hadi leo, na hata sasa sijamtaja jina.

Nakumbuka jioni hiyo Mzee Hotay alicheka mpaka akavua kofia. Kisha akaniambia nikumbuke jinsi yule mzee alivyojua siku yake. Watu wa huku, alisema, hawaandiki siku mtoto alipozaliwa, wanaitia ndani ya mtoto. Alimaanisha majina. Mnajua wenyewe: aliyezaliwa wakati wa mvua ni Tluway, mwingine ana jina la njaa, mwingine la vita, mwingine la mgeni aliyelala pale usiku huo. Niliitikia kwa kichwa, kwa heshima, na kurudi kwenye sufuria yangu. Yalikuwa mambo ninayoyajua tangu utoto, na nilidhani hayanihusu kikazi.

Nitaruka miaka mingi hapa. Mzee Hotay alistaafu, akafariki, nikarithi funguo na kofia. Gundi ya chupa ikaja. Umeme ukaja, ukaondoka, ukarudi. Kompyuta ya kwanza ililetwa ikiwa imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na kwa mwaka mzima kazi yake kubwa ilikuwa kufunikwa. Baadaye nilijifunza kutafuta mambo mtandaoni, na nikagundua kwamba mtandao unafanana na yule karani msaidizi tuliyewahi kuwa naye: anakujibu haraka sana, lakini kitu ambacho hukumuuliza.

Sasa habari ya Sista Ruth.

Nyote mmemwona, lakini Nikodemu ni mgeni wa Mbulu, kwa hiyo nieleze. Sista Ruth ni mkunga Mmarekani aliyekuja na misheni akiwa msichana, akapelekwa bonde la Masieda, akabaki huko. Wenzake wote walirudi kwao. Yeye alizalisha mama, akazalisha binti, akazalisha mjukuu. Kiswahili chake ni cha Mbulu kabisa, na Kiiraqw chake ni kizuri kuliko cha wanangu waliokulia Arusha. Alipokuja maktaba, mwaka mmoja kabla sijastaafu, alikuwa amepita miaka themanini na anatembelea fimbo mbili.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba, Paulina. Mficha uchi hazai, kwa hiyo nasema moja kwa moja. Nataka uniambie meli iliyowapeleka watu wangu Amerika."

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nilimpa kiti, nikaangalia dirishani. Alicheka, kwa sababu alimjua Mzee Hotay, lakini baada ya muda maneno yalikuja.

Masieda, kila mwaka baada ya mavuno, watu hukusanyika kuomba. Mzee anatamka, wengine wanaitikia. Katika maombi hayo hutajwa njia ya kila ukoo ulioingia bonde lile: walitoka wapi, walipita wapi, walikunywa maji wapi, nani alizaliwa njiani, nani alibaki njiani. Mwishoni watu wanakula. Wageni wanapakuliwa kwanza, wenyeji wanangoja, na wanawake wenyeji ndio wanaopakua. Ndivyo adabu ilivyo.

"Na mimi napakuliwa kwanza," alisema Sista Ruth. "Kila mwaka. Nilipokuja nikiwa msichana nilipakuliwa kwanza. Mwaka jana pia, kwanza. Wasichana niliowavuta mimi mwenyewe kutoka tumboni wananiletea sahani kwa magoti mawili, mimi nimekaa kwenye kiti kama mkuu wa wilaya."

"Ni heshima, Sista."

"Ni heshima ya mgeni. Nilimuuliza Mzee Boay, ndiye anayetamka, mbona mimi bado mgeni? Akasema hakuna anayenikataa. Akasema mwenyeji ni mtu ambaye njia yake inajulikana, na yangu hawaijui. Wanajua nilishuka kwenye gari la misheni. Akaniuliza, 'Sasa nikikufikia wewe, niseme nini? Niseme gari?'" Akapangusa miwani yake, ingawa haikuwa na vumbi. "Paulina, mimi nitazikwa Masieda. Nataka kabla ya hapo nipakuliwe mwisho, mara moja tu."

Nilikuwa na mwaka mmoja wa kazi uliobaki na mavuno yako miezi michache mbele. Nilimwambia tutaitafuta. Moyoni niliogopa sana, kwa sababu bahari yenyewe nimeiona mara moja tu, Dar es Salaam, na sikuingia.

Alichokijua kilikuwa kidogo. Wazazi wa babu yake walikuwa wakulima huko Norwe, kaskazini ya Ulaya, penye mawe mengi na udongo kidogo. Walivuka bahari ya Atlantiki kwa meli ya matanga, wakati ambapo meli za mvuke zilikuwa bado ni za wenye nafasi. Babu alikuwa mtoto mdogo. Basi. Jina la meli halikujulikana, wala bandari, wala mwaka. Nilianza na jina lao la ukoo. Kumbe walilichukua Amerika baada ya kufika, kutoka kwenye shamba lao la zamani, na kabla ya hapo kila mtu alitumia jina la baba yake, kama sisi. Kwa hiyo nilikuwa nikimtafuta mtu kwa jina ambalo alikuwa bado hajalivaa. Nilijaribu jina la baba, yakaja makundi ya watu wenye majina hayohayo. Bando likaisha. Nikaweka jingine. Likaisha.

Kila wiki Sista alikuja na gari la maziwa kutoka Masieda, akakaa kwenye kiti kilekile, nami nikamwambia bado. Mahindi yalikuwa yameanza kukauka shambani.

Siku moja nilimwomba anitajie tena watoto wote waliosafiri, taratibu, nione kama tumesahau kitu. Safari alikuwepo. Dafrosa anamjua Safari mlinzi wetu. Nikodemu, ni yule aliyekuambia kwamba choo kina simba. Alikuwa anafuta vioo vya madirisha, na kioo kimoja alikifuta muda mrefu sana kwa sababu alikuwa anasikiliza.

"Anna," alisema Sista. "Marta. Johani, ambaye hatujui aliishia wapi, nyumbani hakutajwa. Peda, ndiye babu yangu. Na mdogo wao wa mwisho, Terna. Huyo nilimkuta mzee sana. Alikuwa ananisuka nywele."

Safari akageuka na tambara mkononi. "Sista, samahani. Huyu wa mwisho alizaliwa wapi?"

"Amerika, nafikiri. Kwa nini?"

"Hao wanne wamepewa majina ya kanisani. Huyu wa tano mbona hana la kanisani?"

"Ni jina tu, Safari. Ni ndege fulani wa baharini."

"Kwetu tuko Yosefu, Maria, Petro, halafu mimi," alisema Safari. "Wazee wangu walihama kutoka Mbulu kwenda Gitting na ng'ombe, mama akashikwa na uchungu kwenye mteremko. Padri hakuwepo, kalenda ya watakatifu haikuwepo. Ilikuwepo safari. Basi."

Sista Ruth akapiga meza yangu kwa kiganja mpaka kalamu zikaruka.

"Landrova!" alisema.

Nieleze pia hili. Masieda kuna fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, baba wa watoto, mtu wa heshima, anayeitwa Landrova. Alizaliwa ndani ya gari la misheni lililokwama kwenye matope, na aliyemzalisha ni Sista Ruth. Jina alipewa na mama yake papo hapo.

"Nimezalisha watoto barabarani, mtoni, sokoni," alisema Sista, huku anacheka na machozi yanamtoka. "Nimesikia majina yote hayo na nimeyaandika kwenye kadi za kliniki. Na dada wa babu yangu mwenyewe ananisuka nywele, simuulizi! Kweli mganga hajigangi."

Mimi nilikuwa nimesimama. Nilimkumbuka Mzee Hotay na kofia yake na yule mtu wa Hirbadaw aliyezaliwa siku jua lilipozimika. Nilikuwa nimetafuta watu kwa miezi, na walichotuachia kilikuwa ni meli yenyewe, imevaa gauni na kuitwa bibi.

Huko Norwe kuna mzee mstaafu anayejitolea kukusanya habari za meli za matanga zilizobeba wahamaji. Nilikuwa nimewahi kumwandikia, naye akanijibu kwa upole kwamba bila jina la meli hawezi kitu. Sasa nilimwandikia sentensi moja. Nilimuuliza kama aliwahi kusikia meli iitwayo Terna ambamo mtoto alizaliwa njiani.

Alijibu kesho yake. Meli ilikuwepo. Ilitoka bandari ya Bergen majira ya kuchipua, imejaa wakulima na masanduku yao, ikielekea Kebeki, bandari ya kuingilia Amerika. Na mtoto wa kike alizaliwa katikati ya bahari, nahodha akambatiza kwa maji ya pipa la kunywa, akapewa jina la chombo. Wazazi wake walikuwa na watoto wanne walipopanda: Anna, Marta, Johani, Peda.

Nilipiga kelele. Safari akaja mbio akidhani ni nyoka. Mnaniona mtu mzima niliyetulia. Siku hiyo nilicheza kati ya rafu ya dini na rafu ya kilimo, na Safari akanipigia makofi.

Hapa mngesema kazi imekwisha. Nilikwenda Masieda na habari yangu, nikidhani nitapongezwa. Mzee Boay, ambaye ndiye anayetamka njia siku ya maombi, alinisikiliza hadi mwisho. Ni mtu mwembamba, haongei sana, ana tabia ya kuchora chini kwa kijiti wakati anafikiri.

"Vizuri, mama," alisema. "Hilo ni jina la chombo. Njia je?"

"Njia ni bahari, mzee."

"Bahari yote? Walikunywa wapi?"

"Walibeba maji kwenye mapipa."

"Walisukumwa na nini?"

Nilimweleza matanga. Hapa nilitafuta mfano, nikaupata kwenye uwanja wa kupepetea, maana pale nyuma yake mtama ulikuwa umetandazwa. Nilisema, chombo kinangoja upepo kama ninyi mnavyoungoja mnapopepeta.

"Na upepo ukikataa?"

"Wanakaa."

"Kama sisi." Aliridhika kidogo. "Na nani alibaki njiani?"

Sikujua. Nilikuwa nimefurahi mno hata sikuuliza. Nilirudi Mbulu, nikamwandikia yule mzee wa Norwe maswali ya Mzee Boay, moja baada ya jingine, kama yalivyo. Aliniambia baadaye kwamba watu wengi humuuliza tarehe, na hajawahi kuulizwa watu walikunywa wapi. Alichukua muda, kisha akaniletea njia yote. Walizunguka kaskazini ya Uskochi. Upepo ukakataa, wakakaa. Walifika mahali ambapo bahari ina kina kifupi na ukungu mzito, wakavua samaki, wakala chakula kisichokaushwa kwa mara ya kwanza tangu waondoke. Waliingia kwenye mto mkubwa ambao maji yake yanaanza chumvi na kuishia matamu, na hapo walishusha ndoo, wakanywa. Kisha wakasimamishwa kwenye kisiwa ambako wagonjwa walikaguliwa. Johani alikuwa na homa. Alibaki kisiwani, na kisiwani akazikwa.

Waliondoka na watoto wanne, wakafika na wanne, lakini si wale wale.

Nilimsomea Sista Ruth hayo pale pale kwenye kiti chake. Akasema, "Kumbe ndiyo sababu hakutajwa." Alilia kidogo, kama mtu anayemlilia ndugu, si kama mtu anayesoma historia. Safari alimletea chai. Nami nilisikitika, na wakati huohuo nilijua tumeshinda, na mambo hayo mawili yalikaa pamoja bila kugombana.

Siku ya maombi ya mavuno nilialikwa. Asubuhi ilikuwa baridi, watu wamejifunika mablanketi, kila mwanamume na fimbo yake. Wakristo walikuwepo na wasio Wakristo walikuwepo. Mzee Boay alianza na mvua, akaja kwenye ng'ombe, akaja kwenye koo, akataja njia moja baada ya nyingine, na watu wakaitikia kwa sauti moja inayotoka kifuani. Sista Ruth alikuwa amewekwa kwenye kiti kilekile cha wageni, mikono juu ya fimbo zake mbili. Mimi nilikuwa kando yake.

Mzee Boay akachora kitu chini kwa kijiti. Kisha akatamka: wako waliotoka penye mawe mengi na udongo kidogo. Watu wakaitikia. Walipanda Terna. Wakaitikia. Upepo ulikataa, wakangoja. Hapo niliwasikia wanawake wakiguna, wale wanaopepeta. Walikunywa penye mto ulioacha chumvi. Wakaitikia. Binti alizaliwa, akaitwa chombo. Nilimwona Landrova fundi, mtu mzima na mvi, anaitikia kwa nguvu kuliko wote. Johani alibaki kisiwani. Hapo sauti ilishuka, watu wote wakaitikia polepole, kama wanavyowaitikia wafu wao wenyewe, nami nikafikiri yule mtoto hakuwahi kuliliwa na watu wengi namna ile. Na mjukuu wa Peda akaja Masieda, akamalizia njia. Wakaitikia, na wengine wakapiga vigelegele kabla mzee hajamaliza, jambo ambalo kwa kawaida hukemewa. Hakumkemea mtu.

Chakula kikatolewa, makande na nyama, masufuria makubwa. Nilingoja. Binti mmoja akaja na sahani ya kwanza, moto, imejaa, mifupa mizuri juu. Akapita mbele ya Sista Ruth bila hata kumtazama. Akapiga magoti mbele yangu.

"Karibu, mgeni," akaniambia.

Sista Ruth aligeuka kunitazama. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima umejaa furaha kiasi kile. Wakati huo mke wa Mzee Boay akatokea mbele yake, mkono mmoja kiunoni, upawa mkono wa pili, anaonekana amekasirika kabisa.

"Wewe Ruth," alisema, "umekaa kwenye kiti cha wageni unafanya nini? Inuka upakue, watu wana njaa."

Akainuka. Fimbo moja aliiacha kwenye kiti, kwa sababu mkono mmoja alihitaji kwa upawa. Aliwapakulia watu wote wa Masieda, mmoja mmoja, polepole, na hakuna aliyemharakisha. Alipofika mwisho, ndani ya sufuria yalikuwa yamebaki makande kidogo ya chini, yale yaliyoshika moto. Akayakwangua yote kwenye sahani yake, akaja akakaa chini majanini na wanawake wenzake, akala.